Skrubu Moja Imepotea: Kutafuta Vipuri vya Kamera ya Mbao Malindi na Kilifi

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi, ila kiini chake ni kimoja: "Nimerithi kamera kubwa ya mbao kutoka kwa babu. Kifundo cha pembeni hakipo, skrubu mbili zimedondoka, kioo cha nyuma kimepasuka. Ni duka gani Malindi, Kilifi au hata Mombasa linauza vipuri vyake?"

Duka hilo halipo. Usipoteze nauli. Hata hivyo, karibu kila kipande kidogo cha kamera ya aina hiyo kinaweza kupatikana au kutengenezwa hapa hapa pwani. La kufanya ni kuacha kuulizia kipuri cha kamera, umtafute mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni shaba ndogo, hesi ndogo, kioo au mbao ngumu. Watu hao tunao, na wengi wao hawajui kama wanaweza kukusaidia mpaka uwawekee kipande mkononi.

Si ajabu kamera hizi kuwa majumbani mwetu. Pwani ilikuwa na studio za picha tangu zamani: N. V. Parekh alikuwa na yake Mombasa, Omar Said Bakor alikuwa na yake Lamu, na kule Unguja Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930. Kazi ya studio ilipopungua, vifaa vingi viliishia stoo na juu ya makabati, vikala chumvi ya bahari. Vingine viliuzwa kwa kilo.

Ijue kamera kabla ya kujua skrubu

Tafuta kibao cha jina. Mara nyingi ni kipande cha shaba au cha pembe kilichobandikwa mbele, juu ya lenzi, au kwenye sakafu ya kamera. Usiridhike na jina lililo kwenye lenzi, kwa sababu lenzi huhamishwa kutoka kamera moja hadi nyingine. Jina la aliyetengeneza mwili wa mbao ndilo litakalokuambia hesi za skrubu ni za familia gani.

- Kamera za Uingereza, kama Thornton-Pickard, Sanderson na Gandolfi: tarajia hesi za Kiingereza za zamani, hasa zile ndogo ziitwazo BA.
- Kamera za Marekani, kama Kodak, Ansco na Deardorff: hesi za inchi za Kimarekani.
- Kamera za India, kama Vageeswari ya Alappuzha, Kerala: muundo wake unafanana na wa Kiingereza, basi anza kupima kwa BA, lakini pima.
- Kamera isiyo na jina: usikisie chochote.

Pima kwanza, safiri baadaye

Wengi huondoka nyumbani na maelezo ya mdomo: "skrubu ndogo hivi, ya manjano." Fundi hawezi kufanya kitu kwa maelezo hayo. Fanya hivi:

1. Piga picha kila upande wa kamera kabla hujafungua chochote.
2. Tandika kitambaa cheupe juu ya sinia pana. Skrubu ikidondoka haitabiringika mpaka chini ya kitanda.
3. Tafuta skrubu iliyobaki inayofanana na ile iliyopotea. Kamera nyingi zina jozi: kilichopo kushoto kipo na kulia.
4. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu sawasawa. Bisibisi nyembamba itaula mfereji, na hapo utakuwa umeongeza tatizo la pili.
5. Pima unene wa skrubu kwa kalipa. Rula haitoshi.
6. Hesabu meno.

Hilo la sita huwatisha watu bure. Chukua kipande cha sabuni ya mche, ukate uso laini kwa kisu, kisha ulaze skrubu juu yake na uibonyeze bila kuibiringisha. Ukiinua utaona mistari imesimama kama ya kitana. Weka rula pembeni na uhesabu ni mistari mingapi katika sentimita moja. Kama skrubu ni fupi, hesabu katika nusu sentimita na uzidishe mara mbili. Kisha linganisha (BA ni zile za Kiingereza, M ni za milimita zilizoko madukani leo):

- 6BA: unene milimita 2.8, mistari karibu 19 kwa sentimita
- M3: unene milimita 3, mistari 20
- 4BA: unene milimita 3.6, mistari 15
- M4: unene milimita 4, mistari 14
- 2BA: unene milimita 4.7, mistari 12 na kidogo
- M5: unene milimita 5, mistari 12 na nusu

Tazama jinsi zinavyokaribiana. Hapo ndipo kamera nyingi zinapoharibikia. Mtu anapata M5 kwenye duka la hadiwea, anaiingiza kwenye tundu la 2BA, inashika mzunguko wa kwanza, anaongeza nguvu. Hesi ya zamani inakatika, na skrubu inabaki imekwama ndani ya shaba. Skrubu sahihi huingia kwa vidole viwili mpaka mwisho. Ikikataa vidole, usiipelekee bisibisi.

Habari njema ni tundu la chini la kufungia miguu mitatu. Hilo huwa la robo inchi au la inchi tatu kwa nane, na boliti za vipimo hivyo ziko katika maduka mengi ya spea za magari. Meno yake ni 20 na 16 kwa inchi, kwa Waingereza na kwa Wamarekani vilevile.

Nani ana nini

Mafundi wa redio wa zamani. Anzia hapa kwa skrubu za BA. Redio za taa za Kiingereza, swichi na soketi za umeme za zamani, hata vifaa vya umeme vya magari ya Kiingereza ya enzi hizo vilifungwa kwa skrubu hizi. Fundi mwenye umri mkubwa, Malindi mjini au Mombasa, mara nyingi ana kopo la skrubu ambalo hajalimwaga tangu ujana wake. Msalimie kwa heshima yake, "Shikamoo mzee," kaa kitako, omba ruhusa ya kuchambua kopo mwenyewe, na nenda na nati ya kujaribia. Skrubu za swichi za ukutani katika nyumba kongwe ni hazina vilevile, mradi umeme umezimwa na mwenye nyumba amekubali.

Masonara. Sonara anaweza kulehemu kwa fedha ubawa wa bawaba uliokatika, kunyoosha ulimi wa komeo, kujaza jino la gia lililovunjika na kulichonga upya kwa tupa nyembamba. Hakuna mtu mwingine mwenye mkono huo. Lakini elewa hofu yake. Sonara hukusanya vumbi la meza yake kwa sababu lina dhahabu, na shaba yako itamchafulia. Mwambie mapema kuwa ni shaba, nenda jioni akiwa amekwisha kazi zake, na ubebe kitambaa chako cha kutandika. Ukifanya hivyo ni wachache watakaokukatalia.

Wenye kerezo. Kifundo kilichopotea, kola ya shaba na pete ya kushikia lenzi ni kazi ya kerezo la chuma. Usimwachie fundi jukumu la kutafuta malighafi, kwani atakupa chuma. Nenda kwa fundi bomba ununue mifereji ya maji na valvu mbovu za zamani. Nyingi ni shaba nzito ya manjano na zinakerezeka vizuri. Mpe mkerezaji kifundo kilichobaki kama mfano na umwambie maneno haya: "Fundi, nataka kama hiki, hesi hii hii, na usipanue tundu la kamera." Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ni muhimu kuliko bei.

Mafundi wa mashua. Kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, na Watamu na Malindi kwenye mashua za uvuvi wa samaki wakubwa, utapata skrubu za mbao zisizopata kutu, washa nyembamba na gundi zinazovumilia maji. Wenye majahazi hutumia misumari minene mno kwa kamera, ila wanajua mbao, na ushauri wao juu ya kiungo kilichoachia ni wa kusikilizwa.

Wachongaji wa Malindi. Kipande kidogo cha mbao kilichovunjika, kama pembe ya fremu au kijiti cha kutelezea, wapelekee hawa. Wengi wao huchonga mwarobaini, na watu hushangaa nikiwaambia kuwa mti huo ni wa ukoo mmoja na mkangazi na mahogani, mbao zilizojenga kamera nyingi za zamani. Sharti ni kukauka. Mwarobaini mbichi hupasuka na kujipinda. Omba kipande kilichokaa chini ya paa zaidi ya mwaka mmoja, na hakikisha nyuzi za mbao zinaelekea upande uleule zilikoelekea kwenye kipande cha awali.

Mafundi cherehani. Nawataja ili nikuonye. Vifundo vya Singer vinapendeza na vinafanana sana na vya kamera, lakini kampuni hiyo ilikuwa na hesi zake yenyewe. Havitaingia kwenye tundu lako. Vinafaa tu kama unabadilisha skrubu na nati yake pamoja.

Washona viatu. Gundi yao inayonyumbulika na ngozi nyembamba ya mbuzi ndivyo vya kuzibia mvukuto, ile sehemu yenye mikunjo kati ya lenzi na kioo cha nyuma, ukitoboka.

Sumaku na tupa

Shaba ya uongo imejaa madukani. Bawaba nyingi zinazong'aa ni chuma kilichopakwa rangi, na kwa upepo wa bahari hazimalizi mwaka. Beba sumaku ndogo mfukoni. Ikinasa, rudisha. Isiponasa, bado hujamaliza: kwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana. Ndani pakiwa pa manjano vilevile, ni shaba. Pakiwa pa kijivu-cheupe, ni zinki, itavunjika ukiikaza.

Ukinunua kwa wauza vyuma chakavu, nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya Kenya ya mwaka 2015 inadai leseni, na mwaka 2022 biashara nzima ilisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na vifaa vya umma. Kipande cha shaba cha bei rahisi hakifai kukupeleka kituoni.

Kufunga skrubu ya shaba kwenye mbao

Shaba ni laini. Skrubu ya shaba ukiisukuma kwenye mbao ngumu itakatika kichwa, na kuchimba kiwiliwili kilichobaki ni kazi ya kutia uchungu. Utaratibu ni huu:

- Toboa tundu la kuongozea, jembamba kuliko skrubu.
- Funga kwanza skrubu ya chuma ya kipimo kilekile, polepole, kisha uitoe. Hiyo imekukatia njia.
- Paka skrubu ya shaba nta ya mshumaa.
- Ifunge kwa mkono, usitumie mashine. Ikigusa mwisho, acha.

Kama tundu la zamani limepanuka, usitafute skrubu nene zaidi. Jaza njiti za meno za mianzi zilizochovywa gundi ya mbao, ngoja siku nzima, kata sawasawa na uso, toboa upya.

"Kwani nikiweka skrubu ya chuma ya kawaida kuna ubaya gani?" Kuna ubaya. Chuma na shaba vikigusana katika hewa yenye chumvi, chuma huliwa haraka. Kutu huvimba, hupasua mbao na kuacha doa jeusi lisilotoka. Hapa kwetu huhitaji miaka mingi kuliona.

Hesi ya tundu ikiwa imekufa kabisa

Hapa, na hapa tu, ndipo ninaporuhusu kubadilisha kipimo. Kutoka 6BA utakwenda M3, kutoka 4BA utakwenda M4, kutoka 2BA utakwenda M5, kwa sababu kila kipimo kipya ni kinene kidogo tu kuliko cha zamani. Mwenye tapu nzuri atapitisha kekee ya milimita 2.5 kwa M3, 3.3 kwa M4 na 4.2 kwa M5, kisha akate hesi mpya. Badilisha jozi nzima, kushoto na kulia, ili mtu wa baadaye asikute vipimo viwili kwenye kamera moja.

Meno ya shaba ya kusogezea mbele na nyuma yakiwa yamelika sehemu moja, kuna njia ya bure: fungua ule ubao wa meno, uugeuze mwisho wake wa mbele uwe wa nyuma, na uurudishe. Gia itakutana na meno ambayo hayajatumika sana. Fanya hivyo kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Kioo cha nyuma

Kioo cha ukungu, kile unachotazamia picha iliyopinduka, ndicho kinachovunjika zaidi na ndicho rahisi kukitengeneza. Mkata vioo wa mtaani atakukatia vipande viwili vya milimita 2, kimoja cha kipimo chako, kimoja kidogo cha kusagia. Kipimo kipungue milimita moja kila upande, maana kioo kilichobanwa kwenye fremu hupasuka mbao zikivimba.

Kwenye duka la spea za injini, nunua dawa ya kusagia valvu, ile laini. Laza kioo juu ya gazeti lililolowa, paka dawa, weka kile kioo kidogo juu na usage kwa mizunguko ya namba nane, ukigeuza kioo mara kwa mara ili kona zisibaki wazi. Osha kwa mafuta ya taa kisha sabuni, kiinue kwenye mwanga, rudia penye mng'ao. Vumbi la kioo lisikauke: futa kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Kosa la kila siku ni kukifunga kinyume. Upande wenye ukungu hutazama lenzi. Ukiuweka nje, kila picha itakosa ukali na utailaumu lenzi bure. Kabla ya kutumia filamu, pima kina kutoka ukingo wa fremu hadi uso wenye ukungu, kisha pima kina cha filamu ndani ya kaseti yake. Lazima vilingane. Kwa kaseti za kisasa za inchi 4 kwa 5 kina hicho ni karibu milimita 5.

Mvukuto na ubao wa lenzi

Ingia chumba chenye giza usiku, weka tochi ndani ya kamera, unyooshe mvukuto na uzunguke. Kila nukta ya mwanga itie alama ya chaki. Ziba kwa kiraka chembamba cha ngozi au kitambaa cheusi kizito, kwa ndani ikiwezekana, na gundi kidogo sana. Kiraka kinene kitazuia mikunjo kulala. Usitumie utepe wa umeme. Joto la Malindi litayeyusha gundi yake na mikunjo itashikana.

Ubao wa lenzi mwambie fundi seremala akutengenezee kwa plaiwudi nyembamba, vipande viwili vilivyogandishwa ili kimoja kiwe kidogo na kutengeneza ngazi ya kuzuia mwanga. Kama unaweka shata ya Copal, tundu la namba 0 ni milimita 34.6, namba 1 ni 41.6, namba 3 ni 65. Paka rangi nyeusi isiyong'aa.

Kipande chochote cha mbao kinachoteleza, kikitengenezwa Januari wakati wa kaskazi, kiachie nafasi ya unene wa karatasi. Masika yakija kitavimba.

Vya kuagiza nje

Ni vichache. Mvukuto mzima ulioliwa na mende au kuoza kwenye kona ni afadhali uagize; Custom Bellows ya Birmingham hutengeneza kwa vipimo unavyotuma. Skrubu za BA mpya bado zinauzwa Uingereza kwa pakiti. Kaseti za filamu nunua, usichonge. Uliza kwanza gharama ya usafiri na kodi ya forodha, na uagize vyote kwa mara moja.

Utasema, si afadhali ninunue kamera nyingine? Kama mbao zimeliwa na mchwa mpaka ndani ya viungo, ndiyo, na hii iweke kwa ajili ya vipuri. Kama kinachokosekana ni shaba na kioo, hapana. Tengeneza.

Makosa mengine ya kuepuka

- Kusugua shaba kwa ndimu au ukwaju ikiwa bado imefungwa kwenye mbao. Asidi huingia chini ya bawaba na kuacha uchafu wa kijani. Ifungue kwanza, au iache na rangi yake.
- Kubandika pete ya lenzi kwa gundi ya sekunde. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo cha lenzi.
- Kumwachia fundi kamera nzima. Mpe kipande kinachohusika na mfano wake, kamera ibaki nyumbani.
- Kutokubaliana bei kabla. Kazi ndogo ndiyo yenye ugomvi mkubwa.
- Kutupa kipande kilichovunjika. Hicho ndicho kipimo cha kipya.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi ngumu kila ulichobadilisha: hesi ipi, upande upi, shaba imetoka wapi, mwaka gani. Ikunje, uibandike ndani ya kamera, nyuma ya ubao wa lenzi. Atakayeifungua baada yako asianze kukisia.